Idli ya Nne

Mtaa wa Hekalu Dogo,
Kumbakonam,
Tamil Nadu.
19 Novemba, 1996

Mpendwa mdogo wangu Elango,

Salamu kwanza, maana hata mtu aliyekasirikiwa hanyimwi salamu. Hujambo? Jesintha hajambo? Na Thenmozhi, yale meno mawili ya mbele yaliyokosekana kwenye picha yameshaota? Nasikia huko Leeds siku hizi giza linaingia watu wakiwa bado kazini. Vaa nguo nzito. Kifua chako hakijawahi kuwa cha kutegemea tangu utoto wako.

Huku sisi tunapumua. Mvua ya mwaka huu imehamia kabisa, kuta za jikoni zimeota ukungu, na magoti yangu yanalia kila nikichuchumaa. Kaka Manikkavel ni mzima. Amenyoa kichwa chote kwa ajili ya msiba, na yale masikio yake, ambayo tulijua siku zote ni makubwa, sasa hayana pa kujificha. Wifi Poongodi hajambo. Shangazi Kuppammal naye yupo, anakula, analala, anatukana. Baba yetu, Appa, alituachia nyumba na dada yake. Nyumba inavuja na dada yake hanyamazi.

Habari ya mama yetu, Amma, unayo, kaka alikwambia kwa simu. Lakini alikupa habari ya kifo tu, na mimi nataka kukupa iliyobaki. Nimejaribu kuisema kwa simu nikashindwa. Unakijua kibanda cha simu cha pale sokoni, mwenye kibanda anasikiliza, kinyozi wa jirani anasikiliza, na anayengoja zamu nyuma yako anasikiliza na kukupa pole kabla hujamaliza sentensi. Hili si la kusemwa mbele ya kinyozi. Kaa chini ulisome lote, na usilisome kazini.

Amma alianza kuugua baada ya sikukuu ya mavuno. Mwanzo alisema chakula kinakwama kooni, tukadhani ni mafua. Akaacha wali, akaacha chapati, akaacha dosa za kukaanga kwa sababu kingo zake zilimkwaruza. Tulipompeleka kwa daktari kule Thanjavur, daktari hakumwangalia Amma, alimwangalia kaka, nami nikajua. Alisema turudi nyumbani, tumpe anachoweza kumeza. Alichoweza kumeza ni idli tu, kwa kuwa ni kitumbua laini cha mvuke, tena iliyovunjwavunjwa ndani ya maziwa moto yenye sukari hadi ikawa kama uji wa mtoto.

Na idli zenyewe hazikukubali kuumuka kwa mkono wa mtu mwingine. Hilo unalijua. Mtaa mzima ulikuwa ukiamini mkono wa Amma. Wifi Poongodi analoweka mchele ule ule na dengu zile zile, anatia uwatu kiasi kile kile, anasaga kwa mashine yake ya umeme hadi rojo linakuwa laini kama malai, halafu anatia chumvi na kulikoroga kwa mkono kama Amma alivyomwonyesha. Asubuhi rojo limelala tu kwenye sufuria kama maji ya chokaa. Siku moja shangazi alishika idli yake moja, akaigonga ukingoni mwa sahani ili sote tusikie.

"Hii si idli," akasema. "Hii ni ya kujengea."

"Basi shangazi usiile," Poongodi akamjibu. "Zikusanye, tukajenge nazo ukuta wa bafu, ukose pa kutuchungulia."

Tulicheka hadi Amma naye akacheka pale mkekani, na kucheka kukamkwama kooni, tukaacha.

Kwa hiyo kila jioni tulimpelekea sufuria pale alipolala. Nilimkalisha, nikamwegemeza begani kwangu, na Poongodi akammwagia chumvi kwenye kiganja. Amma alitumbukiza mkono kwenye rojo, akaanza kukoroga taratibu, macho yamefumbwa. Mkono ulikuwa umekonda hadi bangili zilikuwa zinateremka mpaka kwenye vidole, ikabidi nizishike zisiingie ndani. Alichoka upesi. Lakini asubuhi ukifunua kifuniko, rojo limeumuka, limejaa mapovu, linanuka ule uchachu mzuri. Alikuwa hali, Elango, lakini nyumba nzima ilikuwa inakula mkono wake.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na nakuomba usiruke mstari.

Tangu ulipoondoka Amma alikuwa na mtindo mmoja. Kila asubuhi, sinia la kwanza likitoka kwenye mvuke, anachukua idli ya kwanza, anaiweka kwenye kisahani kidogo cha chuma, anaifunika kwa bakuli. Halafu ndipo anawapa watu. Appa alipokuwa hai, Amma aliificha nyuma ya debe la mchele. Appa alipokufa akaiweka wazi kwenye rafu. Jioni, ikiwa imepoa na kukauka, aliila mwenyewe, bila chatini, bila kitu. Sikumuuliza. Nilidhani ni nadhiri, wazee wana nadhiri zao.

Poongodi alipoolewa hapa alidhani ni ya kunguru. Sote tunawatupia kunguru chakula kabla ya kula, kwa ajili ya waliotangulia, naye kwao walikuwa wanatenga hivyo hivyo. Siku moja akaichukua idli ya kwenye kisahani akaiweka juu ya ukuta wa uani. Amma, ambaye hajawahi kumpandishia sauti mkwe wake, alitoka jikoni akikimbia.

"Kunguru ni wa wafu!" akapiga kelele. "Hiyo ni ya mtu aliye hai! Aliye hai, unasikia?"

Poongodi alilia siku nzima, na hakujua kosa lake ni nini. Mimi pia sikujua.

Nilijua mwezi wa Oktoba. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, kaka yuko dukani, shangazi amesinzia. Nilikuwa nampaka Amma mafuta ya ufuta miguuni. Akaniuliza ghafla, kana kwamba tulikuwa tunaendelea na mazungumzo ya jana:

"Alamelu, unadhani alihesabu?"

"Nani, Amma? Alihesabu nini?"

"Elango. Zile idli."

Akanieleza asubuhi ile, na mimi nakueleza wewe kama alivyonieleza. Ulikuwa umekaa ukumbini na begi lako ubavuni. Appa alikuwa ameshasema maneno yake kuhusu Jesintha, kwamba binti wa kanisani hatapika katika jiko la nyumba hii, na kwamba ukivuka kizingiti usirudi. Amma hakuwa na ruhusa ya kusema lolote isipokuwa "kula kwanza", basi akasema hilo. Sinia lilikuwa ndiyo kwanza limetoka motoni. Akakung'utia idli kwenye sahani. Tatu zikatoka nzima. Ya nne ikanata kwenye kitambaa cha sinia, ikavunjika.

Alijua hakupaswa kuleta sahani namna ile. Lakini ulikuwa umeshasimama mara moja, umekaa tena, unaangalia saa ya ukutani, akaogopa kwamba utaondoka na njaa. Akaona bora akuwekee hizo uanze, akimbie alete nyingine. Akaweka sahani mbele yako, hakukutazama usoni kwa sababu angelia na Appa alikuwa anaangalia. Akarudi jikoni, akafungua chungu, akatoa idli nzima ya sinia la chini. Alipogeuka, Appa amesimama mlangoni.

"Umeshampa," Appa akamwambia. "Inatosha."

"Moja tu. Sahani ina tatu."

"Nimesema inatosha."

Akabaki amesimama pale pale, bega huku na bega huku, mlango wote ni yeye. Unamjua Appa. Na unamjua Amma, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsukuma mtu. Akasimama na ile idli mkononi, inafuka moshi, inamuunguza kiganja, hakuiweka chini kwa sababu aliona akiiweka chini ndiyo amekubali. Halafu wote wawili wakasikia geti. Appa akaondoka mlangoni. Amma akakimbia ukumbini, akakuta sahani iko pale, tatu, hazijaguswa.

"Unadhani alihesabu?" akaniuliza tena.

Nikamwambia, "Amma, nani anahesabu idli? Mtu anakimbilia treni!"

Akageuza uso akatazama ukutani. "Elango huhesabu," akasema. "Tangu mtoto alikuwa anahesabu."

Nikamwambia ni mawazo ya ugonjwa, nikaendelea kumpaka mafuta. Ndiyo hivyo nilivyomjibu, na ndilo jibu alilokwenda nalo.

Alifariki asubuhi, kabla sijapika. Jioni ya kabla yake alikoroga chumvi kama kawaida, kwa muda mfupi tu, vidole vitatu vinne. Nilipoingia jikoni nikiwa nimetoka kumfumba macho, nilikuta rojo limeumuka kuliko siku zote, limeinua kifuniko, limeshuka ubavuni mwa sufuria hadi sakafuni. Wanawake wa mtaani walishajaa. Mama wa nyumba ya pili akasema kinachotakiwa kusemwa, kwamba penye maiti hakibaki kitu kilichochachuka, kimwagwe chote. Ni kweli, ndivyo ilivyo, nami nimeshawaambia wengine hivyo hivyo kwenye misiba yao. Nikabeba sufuria hadi kwenye migomba ya uani nikamwaga. Mvua ikalichukua rojo, jeupe, likapita kati ya miguu yangu kuelekea mferejini. Hapo ndipo nilipolia. Pale mkekani kwake nilikuwa sijalia.

Kaka akaenda kukupigia simu, nami nikamfuata. Nilisimama karibu naye kibandani. Laini ilikuwa mbaya, ikambidi apaze sauti.

"Amma ametutoka! Tutamweka kwenye barafu, tunakungoja! Wewe ndiye wa mwisho kuzaliwa, moto wa kumchomea mama ni wako!"

Kisha akabana simu sikioni asikilize. Kisha akasema, "Nini? Tatu? Tatu nini?" Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akaiweka chini. Tulikuwa tumeshafika kona ya hekalu ndipo aliponiambia.

"Mdogo wako amepata wazimu. Eti aliyempa tatu alikwisha kumzika, kwa hiyo hawezi kuja kuzika aliyemzika. Mtu anafiwa na mama yake anazungumza mafumbo!"

Kwake yalikuwa mafumbo. Mimi nilisimama palepale kwenye tope, watu wakanipita kushoto na kulia. Ulihesabu, Elango. Ulikaa mbele ya sahani ile ukahesabu. Miaka yote hii uliniandikia kadi zako za kila mwaka, "wasalimie wote", na Amma akaniuliza kila mara, "Amenitaja?", nikawa namwambia kwamba katika hao wote na yeye yumo. Miaka yote hii ulikuwa umebeba sahani ya maiti tumboni, na yeye amebeba idli moja mkononi.

Nilipofika nyumbani niliwaeleza wote pale pale, mbele ya Amma aliyelala ukumbini na taa kichwani pake. Kaka alikuwa anasikiliza huku nguo zake zinachuruzika maji, Poongodi akaziba mdomo. Shangazi Kuppammal, ambaye hajawahi kukosa neno, alikaa chini polepole akishika ukuta.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Unakumbuka? Ulikuwa mdogo, hata shule hujaanza. Ulisema umeshiba, unataka tatu tu. Shangazi akakupiga kofi la mkononi, akakwambia, "Tatu ni sahani ya maiti! Anayekupa tatu anakuombea kufa!" Ukalia. Na tangu siku ile hukugusa sahani kabla hujahesabu kwa kidole, hata nyumbani kwa watu, Amma akawa anaona aibu. Sote tulikuwa tukikucheka. Shangazi alicheka kuliko sote. Siku ile mbele ya Amma hakucheka, na tangu hapo matusi yake yamepungua nguvu, anatukana kwa mazoea tu.

Kesho yake alfajiri nilirudi kibandani kukupigia. Akapokea Jesintha. Alikuwa analia, akasema umetoka, hujasema unakwenda wapi. Nilitaka kumwambia yeye. Nikafungua kinywa, na kinyozi akaacha wembe hewani apate kusikia vizuri. Nikasema tu, "Mwambie si kweli." Akaniuliza nini si kweli, na laini ikakatika. Barafu ilikuwa inayeyuka na watu walikuwa wanangoja. Kaka akashika moto ambao ni wako. Ikabidi ashikwe kiwiko.

Sikulaumu kwa hilo. Nakasirika, lakini sikulaumu. Nakasirikia Appa, na yeye ni marehemu, kwa hiyo hasira yangu inazunguka nyumba nzima haina pa kukaa.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya kumi na sita ya msiba, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Asubuhi tulimwandalia Amma jani la mgomba uani, kama inavyopaswa, na vyote alivyovipenda: wali, bajia za dengu, chatini ya nazi, mchuzi wa ukwaju, na idli. Poongodi alizipika yeye, na kwa mara ya kwanza rojo lake liliumuka. Akaweka tatu, kwa sababu siku hiyo tatu ndiyo haki. Kaka akabeba jani akaliweka juu ya ukuta, akarudi nyuma, tukaanza kuita kunguru.

Kunguru hawakuja. Mtaa huu, Elango, ambao kunguru wanaingia hadi jikoni kuiba! Kaka aliita hadi sauti ikakauka. Mwishowe akaja mmoja, akatua kwenye tangi la maji la jirani, akatazama jani kwa jicho moja, akatazama kwa jicho la pili, akageuka akatupa mgongo. Wageni walianza kunong'ona. Hakuna aliyehitaji kuambiwa maana yake. Mwenye jani lake ana kitu kimemkaa moyoni, na hatakula.

Basi wakaanza kuahidi, kama watu wanavyofanya.

Kaka akasema, "Amma, nyumba hii sitaiuza." Kunguru akajikuna bawa.

Poongodi akasema, "Athai, mama mkwe wangu, taa yako nitaiwasha kila jioni, hata nikiumwa."

Shangazi naye akajikokota mbele. "Haya, sitamtukana mkweo tena!" Kunguru akageuza kichwa akamtazama kwa muda, na ni wazi hakumwamini. Mtu mmoja kule nyuma alishindwa kujizuia akacheka, na kicheko chake kikafia hapohapo.

Mvua ilikuwa inaanza. Wali ulikuwa unalowa. Kaka alikuwa ameanza kulia kimyakimya, mtu mzima na kichwa chake kilichonyolewa, maji yanamtiririka huku na huku. Nami nilikuwa nalitazama jani, nazitazama zile tatu, na nikaona siwezi kuvumilia kuziona. Nikaingia jikoni, nikachukua idli moja kwenye sinia, ya moto, nikatoka nayo kiganjani.

"Wewe unakwenda wapi?" shangazi akanikemea. "Mwanamke, tena mjane, unalikaribia jani la mama yako mbele ya watu?"

"Shangazi, wewe umeshasema ya kutosha katika nyumba hii," nikamwambia. Sijawahi kumjibu hivyo.

Kaka hakunizuia. Alisogea pembeni. Nikapanda juu ya jiwe la kufulia nikaifikisha ile idli kwenye jani, nikaiweka pamoja na zile tatu. Iliniunguza kiganja. Nikasema kwa sauti, wageni wote wakisikia, "Amma, hii ni ya nne. Elango atakuja kuila. Atakaa ukumbini kwako na atakula, na mkewe atapika katika jiko hili. Naahidi mimi kwa jina lake."

Kunguru alishuka kabla sijateremka kwenye jiwe. Sikuongezei chumvi, uliza mtu yeyote. Akatua ukingoni mwa jani karibu na mkono wangu, na akaanza kula bila adabu, anarusha wali huku na huku, na wenzake wakaja nyuma yake kwa kelele. Kaka akakaa chini kwenye tope. Poongodi akanishika miguu ili nisianguke.

Hivyo ndivyo ilivyo. Nimeahidi kwa jina lako bila kukuuliza, na walioahidiwa wameshakula. Siwezi kwenda kwa kunguru nikasema nilikosea. Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini njoo unichukie hapa.

Kaka alikuwa amesema jina lako lisitajwe. Jana wakati wa chai nilimwambia nakuandikia. Alikunywa hadi mwisho, akapangusa masharubu.

"Aje," akasema. "Ila mimi nisiombwe kutabasamu."

Kwa kaka hiyo ni sherehe, unamjua.

Njoo na Jesintha na mtoto. Mwambie Jesintha jiko ni lake, na kwamba wa kumzuia mlangoni hayupo tena. Jiwe la Amma la kusagia bado liko uani, halijaguswa. Mashine ya Poongodi inazimika kila umeme ukikatika, na umeme siku hizi unakatika kila ukitaka kula. Rojo nitalikoroga mimi. Mkono wangu si kama wa Amma, asubuhi nyingine linaumuka na asubuhi nyingine linakataa, lakini nalikoroga.

Kaka Manikkavel anakusalimu, ingawa hajasema. Wifi Poongodi anakusalimu sana, na anamwuliza Thenmozhi anapenda chatini ya nazi au ya nyanya. Shangazi Kuppammal anakusalimu. Amekaa hapa karibu yangu na ananiambia niandike kwamba anaomba radhi, kisha ananiambia nisiandike, kisha anauliza kama nimeshaandika. Mbusu Thenmozhi kwenye paji la uso kwa niaba ya bibi yake, ambaye alilala na picha yake chini ya mto hadi siku ya mwisho. Mungu akulinde barabarani na angani, akufikishe mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Utakaa pale pale ukumbini, chini ya saa. Nitakuletea sahani yenye nne, zote kwa pamoja. Na kama moja itanata kwenye kitambaa ikavunjika, Elango, utangoja. Safari hii utakaa ungoje niilete.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, hasira na yote,

Alamelu